Mikono ya Dagaa na Shada la Harusi

Katubuka, Ijumaa mchana

Mwanangu Yusta,

Nakuandikia nikiwa nimejifungia stoo, nimekalia gunia la mchele wa pilau yako. Huko uani kuna wanawake ishirini na kila mmoja ni mpishi mkuu. Wewe uko saluni Mwanga na Shangazi Paskazia, shangazi wa mchumba wako, mnapakwa rangi za kucha. Nimewaambia wanawake naingia kutafuta iliki. Watasubiri sana, maana iliki ninayo mfukoni.

Kama unategemea barua hii ikufundishe kupika, kupiga pasi mashati ya mume au kupanga vyombo kabatini, ikunje unirudishie. Hayo uliambiwa kwenye kicheni pati na wanawake ambao nusu yao wamekimbiwa na waume, na nusu iliyobaki wanatamani wangekimbiwa. Kesho unaolewa, Jumapili alfajiri unapanda basi na Onesmo kwenda Dodoma, na mimi nimeona nikuandikie juu ya maua. Cheka tu. Hata mimi ningecheka kama nisingekuwa nimeshiba hasira.

Wiki tatu nzima nyumba hii imezungumza maua. Nimeishi miaka hamsini na kitu, na sijapata kuona watu wazima wakirukwa na akili kwa ajili ya kitu ambacho mbuzi angekimaliza kwa dakika moja. Paskazia alianza kwa kutaka maua ya bagandi. Nikauliza bagandi ni ua gani. Akacheka, akanionyesha picha kwenye simu. Kumbe ni damu ya mzee! Nikamwambia, "Hii si damu ya mzee?" Akasema, "Mama Yusta, usiite hivyo mbele za watu, inatia aibu." Haya. Rangi iliyovaliwa na kila kwaya ya Kigoma tangu nazaliwa, leo jina lake ni la aibu mpaka aje mtu kutoka Dar aibatize upya.

Baadaye bagandi ikafukuzwa, tukaambiwa meupe. Lakini si meupe ya kawaida, yawe meupe yanayoelekea krimu. Likafunguliwa kundi la WhatsApp la kujadili weupe. Niliingizwa humo, nikatoka, nikaingizwa tena. Likaja suala la umbo: liwe la mviringo au la kumwagika? Lishikwe kifuani au kitovuni? Mama mmoja wa kamati, ambaye sijawahi kumwona akipanda hata mchicha, akatufundisha kwamba maua ya bibi harusi lazima yaongee. Yaongee nini, na nani? Mimi nimezaliwa Manyovu, kwenye milima yenye ubaridi, ambako maua yanaota bila kuulizwa, na sijasikia ua hata moja likitia neno.

Na wewe, binti yangu msomi, nesi unayeshika sindano bila mkono kutetemeka, ulikuwa unasema sawa. Bagandi, sawa shangazi. Krimu, sawa shangazi. La kumwagika, sawa. Siku moja nilikuuliza jikoni unayapenda maua gani wewe mwenyewe, ukaniangalia kama nimekuuliza mtihani. Nilikudharau kidogo siku ile. Nakwambia kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nyani haoni kundule. Kabla sijakucheka wewe inanipasa nijicheke mimi.

Unaijua picha ya harusi yangu, ile iliyo juu ya kabati la vyombo. Ulipokuwa darasa la tatu uliniuliza, "Mama, mbona maua yako yamepinda kama ndizi?" Nikakujibu kwamba ndiyo ilikuwa fasheni ya wakati ule. Nilikudanganya. Lile lilikuwa shada la kaburini.

Kiswahili kina ubahili wake. Anachoshika bibi harusi ni shada, na anachowekewa marehemu juu ya kaburi ni shada pia. Mtu mwenye akili hujua kueleza. Msimamizi wa baba yako, Filbert, hakuwa mmoja wao. Alitumwa dukani Mwanga siku moja kabla ya harusi, na mazungumzo yake na mama mwenye duka aliyasimulia mwenyewe baadaye, bila hata kuona haya.

"Nataka shada," alisema.

"La lini?"

"Kesho saa nne, kanisani."

"La nani?"

"La Generoza. Bado binti mdogo kabisa."

Yule mama akashika kifua. "Jamani! Poleni sana."

Filbert akadhani anapewa pole ya pilikapilika za harusi. "Tumeshapoa, mama," akajibu. "Kila mtu na siku yake."

Asubuhi ya harusi likaletwa shada limefungwa kwenye magazeti. La plastiki, jeupe na zambarau, duara kama ringi ya baiskeli, na katikati utepe umeandikwa kwa kalamu nzito: Lala salama, Generoza. Nilikuwa nimeshavaa gauni. Matron wangu, yaani msimamizi wangu wa kike, alikuwa mke wa bosi wa baba yako, mwanamke mwenye miwani ya dhahabu ambaye upande wa mume ulikuwa umemtafuta ili harusi ionekane ya watu. Hakucheka wala hakustuka. Aliomba kisu cha jikoni, akalikata shada katikati, akautupa utepe, akaizungushia ile nusu riboni ya pipi. "Kwenye picha halitaonekana," akasema. Nikasema sawa.

Huo ni ujinga tu, na ujinga huchekesha ukishapita. Ubaya wenyewe ulikuja dakika chache baadaye, na huo sijawahi kumsimulia mtu, hata baba yako alikwenda kaburini bila kuujua.

Unajua mimi nililelewa hapa mjini na baba yangu mkubwa. Yeye ndiye aliyepokea posa na mahari, kwa hiyo upande wa mume haukuwa umemwona mama yangu. Basi asubuhi ile, matron akiwa bado anahangaika na riboni, bibi yako akaingia. Alikuwa ametoka Manyovu juu ya lori la maharage, usiku kucha, amekaa na ndoo mapajani. Ndani ya ndoo mlikuwa na maua meupe yanayoota kando ya mto kwetu, yale marefu yaliyojikunja kama karatasi ya karanga. Aliyakata jioni, akayafunika kwa jani la mgomba, na njia nzima alikuwa akiyanyunyizia maji kwa mkono. Vumbi lilikuwa mpaka kwenye kope zake. Maua hayakuwa na vumbi.

Yusta, yalikuwa mazuri. Sijaona shada zuri kama lile kwenye simu ya Paskazia, na nimeonyeshwa mengi.

Matron akayatazama, akamtazama mama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili. Akaniuliza, "Hayo maua ya porini yanakuja kukuchafulia gauni. Na huyu mama ni nani?"

Nikasema, "Ni jirani yetu wa Manyovu."

Hakuna aliyenilazimisha. Sikufikiri. Lilitoka lenyewe, laini kabisa. Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni, lakini jirani ni neno la sokoni pia, akalielewa. Matron akamgeukia. "Eti mama, wewe ni jirani yao?"

Mama akanitazama. Kisha akasema, "Ego, jirani." Ego ni ndiyo ya kwetu, unajua. Aliitamka taratibu, kama mtu anayemsaidia mtoto kubeba kitu kizito, akaiweka ndoo nyuma ya mlango, akatoka.

Mimi nikaenda kanisani na nusu ya shada la msiba wangu mwenyewe.

Ukumbini mshereheshaji aliwaita wazazi wa bibi harusi. Baba mkubwa na mkewe wakakaa meza ya wazazi. Mama alikaa nyuma, karibu na masufuria, na wanawake wa mtaani. Nilimtuma binamu yangu akamwite. Akarudi peke yake. "Amesema hapo panatosha," akaniambia. "Anasema majirani wanakaa hapo." Nilitabasamu kwa ajili ya kamera. Kesho yake lori lilipoondoka nilikuwa bado nimelala.

Aliishi miaka kumi na miwili baada ya pale. Ulipozaliwa alikuja kukuogesha, akakaa mwezi mzima, akakuimbia. Wala hakunifungulia mdomo juu ya siku ile. Mara moja nilipanda Manyovu na kitenge kizuri na maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima. Nikaanza, "Mama, ile siku ya harusi…" Akanikatiza, "Siku ile njia ilikuwa mbaya sana." Kisha akaniuliza kama maharage yake yanaiva upesi kwenye majiko ya mjini. Kitenge alikipokea. Maneno nilirudi nayo Kigoma, na ninayo mpaka leo.

Na unajua kilichompata yule mke wa bosi? Hakuna. Mumewe alihamishwa mwaka uleule. Miaka ikapita, nikamwona sokoni Mwanga anachagua nyanya. Nikamsalimia, "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba, akaniuliza kama nauza vitunguu. Hakunikumbuka hata sura. Nilimkana mama yangu mzazi ili nionekane wa maana mbele ya mtu aliyenisahau. Ningekuwa nimemkana kwa ajili ya ufalme, angalau kungekuwa na cha kusimulia.

Sasa nakuja kwako.

Jumatatu uliniambia, kwa hiari yako, kwamba unataka mimi nikukabidhi maua mlangoni pa kanisa, kwa kuwa baba yako hayupo kukushika mkono. Nilijibu tu "tutaona," nikaendelea kuchochea moto. Lakini nilifurahi, Yusta. Nilikwenda kumwambia fundi anishonee upya mikono ya gauni.

Jumatano nilikuwa nje chini ya dirisha la sebule, nachambua dagaa za kupeleka sokoni. Dirisha lilikuwa wazi. Nikamsikia Paskazia anakwambia, "Mama yako ni mtu mzuri, simsemi vibaya. Ila mikono yake ina dagaa, na maua meupe yanavuta harufu upesi. Matron wako ndiye akukabidhi. Hata kwenye video itapendeza."

Ukanyamaza. Kimya chako kilikuwa kirefu kuliko kilivyokuwa changu, na kwa hicho nakupa heshima yako. Halafu ukasema, "Sawa, shangazi."

Iliniuma. Sitazunguka. Iliniuma kuanzia utosini mpaka kisiginoni, na Alhamisi asubuhi niliambiwa na jirani, jirani wa kweli, kwamba nimevimba macho, nikasingizia moshi. Halafu nikanusa mikono yangu. Kweli inanuka dagaa. Miaka ishirini na mbili ya kuanika dagaa Kibirizi, unategemea inuke nini, waridi? Ilinuka hivihivi ulipovaa sare ya kwanza ya shule. Ilinuka hivihivi nilipokupeleka chuo cha uuguzi na begi la kukopa. Paskazia ananuka manukato yanayofika mlangoni dakika tano kabla yake, na hakuna aliyemwambia asiguse kitu.

Usidhani namchukia. Watu kama Paskazia ni rahisi kuwachukia, na mimi sina muda. Alimlea Onesmo wazazi wake walipofariki, akamsomesha, sasa anataka kuonekana. Debe tupu haliachi kuvuma. Namdharau kidogo, hilo nakubali, lakini mtu anayedharau anaweza kulala usingizi. Onesmo naye hana neno. Akija hapa huchota maji mwenyewe bila kungoja kukaribishwa. Tatizo lake ni kwamba mbele ya shangazi yake anapungua kimo. Ataongezeka siku mtakapokuwa wawili, kama wewe hutakuwa umepungua naye.

Ninayemwogopea ni wewe. Najua hilo neno "sawa" linavyoanza. Leo ni maua, na maua hayana maana, kwa hiyo unaona hakuna hasara. Mimi pia niliona hakuna hasara. Nilimwambia matron sawa juu ya riboni ya pipi, na dakika tano baadaye mdomo ulikuwa umeshalainika, ukateleza mpaka pale usipotakiwa kufika. Miaka kumi na tisa ya ndoa nilisema sawa kwa mawifi, kwa mabosi, kwa baba yako alipouza shamba la mama yangu bila kuniuliza. Alipofariki nilikaa mwaka mzima najaribu kukumbuka ninapenda kula nini.

Ngoja kidogo. Nimesikia honi nje.

Nimerudi. Maua yako yamefika.

Yameletwa na kijana wa bajaji kutoka uwanja wa ndege, boksi limefungwa kwa gundi kila upande kama limebeba dawa ya serikali. "Shikamoo mama," akasema. "Nimeambiwa nimkabidhi Shangazi Paskazia tu."

"Marahaba. Yuko saluni."

"Sasa wewe ni nani?"

Nilikuwa na masizi usoni na kitenge kimefungwa kama cha mpagazi. Nikamjibu, "Mimi ni mama wa bibi harusi."

Akanitazama vizuri. "Kweli?"

"Waulize hao wenye masufuria."

Wanawake wakamzomea mpaka akaacha boksi na kukimbia.

Nimelifungua. Yusta, waridi zenu za krimu, zilizojadiliwa wiki tatu na kamati nzima, zimeungua. Zimesafirishwa bila tone la maji, zikakaa kwenye joto la uwanja sijui muda gani, na kingo zote zimekuwa kahawia. Vichwa vimeinama. Mtu aliyezifunga hakuwahi kupewa hata mche wa nyanya alee.

Nitakwambia nilichofanya kwanza, kwa sababu barua hii ni ya kusema ukweli. Nilirudishia mfuniko. Nikaliacha boksi pale barazani penye jua, nikaanza kuondoka. Niliona kesho yote: Paskazia anafungua, anapiga yowe, anatafuta wa kumlaumu. Nilifika mpaka mlango wa jikoni, na nakiri ilikuwa raha. Halafu nikakukumbuka wewe umesimama na gauni, huna kitu mkononi, na raha ikakatika.

Nikarudi. Nimevikata vikonyo vyote kwa kuviinamisha ndani ya maji, jinsi mama alivyokuwa akifanya, maana ukikata nje ya maji ua hunywa hewa. Nimezitoa petali zilizoungua, moja moja, waridi kwa waridi. Imenichukua muda mrefu na wanawake wamesaga viungo vya pilau bila iliki. Sasa zimo kwenye beseni chumbani kwako, chini ya kitanda, penye ubaridi. Nimezichungulia mara mbili. Zimeanza kuinua vichwa. Zimekuwa ndogo kuliko zile za kwenye picha, na mimi naona afadhali. Kama maua meupe yanavuta harufu upesi, basi yameshavuta, kwa sababu hakuna hata moja ambalo sijalishika.

Kesho asubuhi matron ataingia kuyachukua. Sitamzuia. Sitagombana na mtu mlangoni pa kanisa, na Paskazia sitampa hadithi ya kurudi nayo Dar. Nitanawa kwa ndimu kwa sababu ni siku ya harusi, wala si kwa sababu ya mtu. Nitasimama mlangoni, upande wa kulia, na wewe utapita mbele yangu pamoja naye.

Hapo utakuwa na nafasi ya maneno mawili. "Mpe mama." Hayahitaji sauti kubwa. Mke wa mtu au nesi au binti wa muuza dagaa, yeyote anaweza kuyatamka.

Ukiyasema, nitakukabidhi maua yako na hatutalizungumza tena. Usipoyasema, nitapiga vigelegele vilevile, nitacheza, nitakula pilau isiyo na iliki, na Jumapili alfajiri nitakusindikiza stendi na chupa yako ya chai. Wewe ni mwanangu, na hilo halina kamati.

Lakini sitakufunika. Mtu akiniuliza kesho mimi ni nani, nitajibu kwa jina langu lote, kwa sauti, hata kama wewe umenyamaza pembeni yangu. Mama yangu alinifunika. Alikuwa mwema kuliko mimi, na kwa wema ule sikupata hata siku moja ya kumwomba msamaha. Sitaki nawe uishi hivyo.

Mama yako,
Generoza